Rangi nyeusi ya kipokezi cha dishi la jua inabanduka. Nitumie rangi gani inayohimili joto?

FundiKondoa aliandika:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa rangi za joto kali na mitambo ya jua.

Nina karakana ya kuchomelea hapa Kondoa. Tumetengeneza dishi la vioo aina ya Scheffler, vioo mita za mraba 10, kwa ajili ya jiko la shule ya bweni ambayo bei ya kuni imewaelemea. Kwa wasiolijua, dishi hili linazunguka taratibu kulifuata jua, lakini mwanga unatua mahali palepale kutwa nzima. Hapo ndipo tulipoweka kipokezi: tangi dogo la chuma cha kawaida, unene milimita 4, lina maji ndani, na mvuke unapita kwenye bomba hadi kwenye sufuria za makande. Doa la mwanga lina upana wa kama sentimita 36.

Upishi unakwenda vizuri, shida ni rangi. Tulipiga koti mbili za rangi nyeusi ya silikoni, kopo limeandikwa inahimili nyuzi 600. Mwanzoni ilikaa safi. Sasa inabanduka, lakini si kila mahali. Kuna ukanda, juu kidogo ya usawa wa maji, ambao umevimba malengelenge na unadondoka vipande vipande. Chuma kilichobaki wazi hapo kimegeuka bluu na kimeanza kutu. Chini ya usawa wa maji rangi bado ipo, ila nikipitisha ukucha inakwanguka yote.

Maswali yangu: hii mitambo mikubwa ya Morocco na Dubai yenye minara, ambako vioo vya chini vinamulika kipokezi kilicho juu ya mnara, kule juu wanapaka nini? Na kuna jamaa anataka kuniuzia bamba lenye mpako wa bluu, anasema unafyonza jua lakini hautoi joto nje. Bei yake imesimama. Inafaa kwa kazi yangu au ni biashara tu?

Gereji_Mwanza aliandika:

Mkuu, rangi ya ekzosi za pikipiki. Ekzosi inapata moto kuliko hilo tangi lako na rangi inakaa miaka. La sivyo changanya masizi na mafuta machafu, paka, washa jua. Bei yake bure.

BintiPangani aliandika:

Fundi, pole na kazi, na hongera kwa hilo dishi. Mimi ni mhandisi wa vifaa, kwetu Pangani, ila nafanya kazi Northern Cape, Afrika Kusini, ambako mitambo ya jua ya aina hii imejengwa kadhaa. Kazi yangu ya kila siku ni kukagua mipako ya vipokezi. Hilo ulilolieleza, kwamba ukanda uliovimba uko juu ya usawa wa maji, limenisaidia kuliko picha yoyote. Rangi yako si mbovu. Haijawahi kuiva.

Rangi hizi za joto kali zinashikwa na utomvu wa silikoni. Ikikauka hewani unaweza kuigusa na isikupake, lakini bado ni mbichi. Ugumu wake inaupata ikichomwa, kwa kawaida kwenye nyuzi 200 hadi 250, kwa saa kama mbili. Sasa tangi lako lina maji. Maji yanachemka kwenye 100, presha ikipanda yanafika 120 au 130, na chuma kilichogusana na maji hakiendi mbali na hapo hata mwanga uwe mkali vipi, kwa sababu maji yanalibeba joto kila linapoingia. Kwa hiyo rangi ya chini imekaa muda wote huo bila kufika kwenye joto la kuiivisha. Ndiyo maana ukucha unaiondoa.

Juu ya usawa wa maji ni kinyume chake. Usawa ukishuka, ile sehemu inabaki na mvuke tu nyuma yake, na mvuke haubebi joto kama maji. Doa la mwanga likipanda hapo, chuma kinaruka hadi mamia ya nyuzi ndani ya dakika chache. Vimiminika vilivyobaki ndani ya rangi mbichi vinageuka gesi, gesi inasukuma kutoka chini, na hapo ndipo malengelenge yanapotokea. Hiyo bluu uliyoiona ndiyo ushahidi wenyewe: chuma cha kawaida kinageuka bluu kikifika karibu nyuzi 300. Chuma chako kimekuandikia joto lake.

Kuhusu minara: wanapaka rangi, fundi. Rangi nyeusi ya silikoni inayopulizwa kwa bunduki, ndugu wa karibu wa hilo kopo lako. Inayojulikana kuliko zote ni Pyromark 2500. Ilikuwa kwenye Solar One, mnara wa megawati 10 katika jangwa la Mojave, California, ulioanza kazi 1982, na ikatumika tena kwenye Solar Two iliyoendeshwa kati ya 1996 na 1999. Ile ya pili ilipitisha chumvi ya naitreti iliyoyeyushwa kwenye mabomba ya kipokezi, inaingia ikiwa nyuzi 290 na kutoka ikiwa 565. Rangi hiyo ikiwa mpya inafyonza kama asilimia 95 au 96 ya mwanga wa jua. Hiyo 2500 ni nyuzi za Fahrenheit, karibu 1370 za Selsiasi, na namba hiyo isikudanganye hata kidogo: ni joto ambalo rangi inaweza kuvumilia, haina maana kwamba itabaki na weusi wake kwa miaka kwenye joto hilo. Juani kila siku, weusi unafifia polepole. Solar One yenyewe ilibidi ipakwe upya katikati ya miaka ya 1980.

Utaratibu wa kuiivisha ndio ningependa uuangalie. Baada ya kupuliziwa inaachwa ikauke usiku kucha na zaidi. Kisha inapandishwa hadi karibu nyuzi 250 na kukaa saa mbili. Kisha 540, saa moja. Ukiruka hatua ya kati, malengelenge. Ukiharakisha kupanda, nyufa. Na kipokezi kikishafungwa juu ya mnara hakuna tanuri la kukiingiza, kwa hiyo ukipaka upya unakiivisha kwa jua lenyewe: heliostati chache (vile vioo vya chini vinavyomulika mnara) zinaelekezwa kwanza, kisha nyingine zinaongezwa kidogo kidogo, huku mabomba yakiwa hayana chumvi.

Gereji_Mwanza, rangi ya ekzosi ni ya ukoo uleule wa silikoni. Inakaa kwenye pikipiki kwa sababu safari ya kwanza tu ekzosi inaiivisha, haina maji ndani. Masizi na mafuta machafu nakataa. Mafuta yataungua, na masizi ni kaboni, nayo kwenye chuma kikavu cha nyuzi 500 inaungua polepole mpaka inaisha. Tena hapo ni jikoni pa watoto, moshi wa mafuta machafu hauna nafasi.

Hita_Nairobi aliandika:

Dada Binti, asante kwa somo, lakini ule mpako wa bluu umeuruka. Mimi nafunga hita za maji za jua hapa Nairobi. Paneli yenye bamba la bluu na ile ya kupaka nyeusi ukiziweka paa moja, asubuhi ya baridi ya Julai, ya bluu inaishinda nyeusi bila ubishi. Na zile mirija ya kioo kutoka China zina mpako wa aina hiyo ndani, zinachemsha hata kukiwa na mawingu mepesi. Kama unafanya kazi vizuri hivyo kwenye paa, kwa nini usifae kwenye dishi?

BintiPangani aliandika:

Kaka, kwenye paa uko sahihi kabisa na sikupingi. Tofauti ni wingi wa mwanga unaotua kwenye kila mita ya mraba. Nitaonyesha hesabu, kwa sababu watu wengi wanapoteza pesa hapa.

Kitu chochote chenye joto kinatoa mnururisho, yaani joto linalotoka kama mwanga usioonekana, na mnururisho huo unakua kwa joto likizidishwa kwa lenyewe mara nne, ukihesabu kwa Kelvini (nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273). Rangi nyeusi ya kawaida inafyonza jua vizuri, lakini pia inatoa joto lake karibu lote. Ule mpako wa bluu ni mweusi kwa mwanga wa jua, ila kwa mawimbi marefu ya joto unafanya kama chuma kilichong'arishwa: unatoa asilimia 5 au 10 tu ya kile ambacho rangi ingetoa.

Paa lako la Nairobi: jua linaleta kilowati 1 kwa mita ya mraba. Bamba la nyuzi 80 lenye rangi nyeusi linatupa kama wati 800 kwa mnururisho kabla ya kuhesabu kinachorudi kutoka kioo na hewa. Umepata 1000, unataka kutupa 800. Hapo mpako wa bluu ni lazima.

Nenda sasa kwenye mitambo ya mifereji, kama Noor I na Noor II kule Ouarzazate, Morocco. Mfereji wa kioo wenye mdomo wa karibu mita 5.8 unamulika bomba la kipenyo cha milimita 70, na mafuta ndani yanafika nyuzi 393. Ukigawanya mdomo kwa mzunguko wa bomba unapata mara 26. Ukitoa hasara za vioo, kila mita ya mraba ya bomba inapokea kama kilowati 20. Bomba la nyuzi 393 lingekuwa na rangi nyeusi lingetupa kama 10. Nusu yote inaondoka! Kwa hiyo hapo wanatumia mpako mwembamba wa chembe za metali ndani ya kauri, unawekwa kwenye vakiumu (mahali palipotolewa hewa) kiwandani, na bomba lenyewe linavishwa kioo na hewa kutolewa katikati. Kioo kikivunjika, hewa ikaingia, mpako huo unaanza kuoksidika na kuharibika. Nimeshika mabomba ya namna hiyo: sehemu nzima bado ina bluu iliyokolea, na ukisogeza kidole kidogo unafika pale hewa ilipofika, pamekuwa kijivu chenye mabaka ya kahawia.

Mnara ni habari nyingine. Kipokezi cha chumvi kinaweza kupokea kilowati 600 kwa mita ya mraba, na penye doa kali hata 1000. Kwenye nyuzi 565, rangi nyeusi inatupa kama 24. Ni asilimia 4 tu. Lakini asilimia moja ya weusi ikipungua unapoteza 6 papo hapo. Kwa hiyo mtu wa mnara anahangaikia weusi na kushika kwa rangi, halafu ndipo afikirie mnururisho. Na kipokezi kiko wazi hewani, hakina kioo wala vakiumu, mpako wa mifereji usingedumu.

Haya, dishi la Kondoa. Vioo mita 10, lakini kwa jinsi dishi la Scheffler lilivyolala, mwanga unaokamatwa ni wa mita 6 hivi. Jua la wati 800, vioo vinarudisha 85 kwa mia, unapata kilowati 4 kwenye doa la sentimita 36, ambalo ni sehemu ya kumi ya mita ya mraba. Sawa na kilowati 40 kwa mita. Chuma chako kiko nyuzi 150 tukizidisha. Rangi nyeusi itatupa 1.6, ukitoa kinachorudi kutoka mazingira ni kama 1.2. Mpako wa bluu utakuokolea 1.1 hapo. Sasa tuseme ule wa bluu unafyonza asilimia 92 na rangi yako iliyoiva vizuri inafyonza 95: tofauti ya asilimia 3 ya kilowati 40 ni 1.2. Umelipa pesa nyingi ukarudi palepale. Na siku usawa wa maji ukishuka, chuma kikavu chini ya kilowati 40 kinaweza kupita nyuzi 500. Mpako uliotengenezwa kwa paa hauko salama hapo hata kidogo. Usinunue.

FundiKondoa aliandika:

Dada, Mungu akubariki. Hesabu nimeirudia kwenye daftari na imekaa. Huyo jamaa wa bamba la bluu namwambia hapana.

Sasa kuivisha. Hapa mjini kuna tanuri la mikate linafika 250, mwenye nalo ni rafiki yangu. Nipeleke tangi huko? Na je, chuma nikikwangue mpaka wapi, au nipake juu ya hii iliyobaki? Halafu nimesikia stenlesi haina kutu, nibadilishe tangi kabisa?

BintiPangani aliandika:

Tanuri la mikate hapana. Silikoni inapoiva mara ya kwanza inatoa moshi na harufu, na huo moshi utakaa kwenye kuta za tanuri. Dishi lako ndilo tanuri lako.

Rangi ya zamani itoe yote. Ukipaka juu ya ile mbichi, mpya itashikilia kitu kisichoshikilia chochote. Kama una kompresa, piga mchanga mpaka chuma kiwe kijivu kisichong'aa, chenye ukwaruzo unaoukamata ukipitisha kitambaa. Kama huna, brashi ya waya kwenye grainda, kisha msasa wa punje kubwa kwa mkono, maana brashi ya waya inalainisha chuma na rangi haipendi ulaini. Futa kwa tina na kitambaa safi, kitambaa kingine, mpaka kitoke cheupe. Halafu mwagia maji kidogo. Yakitandaa kama utando, chuma ni kisafi. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudia tina. Kausha, na upake siku hiyohiyo kabla kutu changa haijaota.

Pulizia nyembamba. Koti iwe nyembamba kuliko unywele. Mafundi wengi wanadhani unene ni nguvu, na kwa rangi za nyumba sawa, lakini kwa joto kali koti nene ndiyo ya kwanza kupasuka: chuma kinatanuka na kunywea kila asubuhi na kila wingu likipita, rangi iliyokuwa kauri haiwezi kukifuata.

Hapo ndipo jibu la stenlesi. Inatanuka zaidi ya chuma cha kawaida. Mita moja ya stenlesi ikipanda nyuzi 500 inarefuka milimita 8 na nusu, ya chuma cha kawaida kama 6. Minarani wanatumia aloi za nikeli kama Inconel 625 na Haynes 230 kwa sababu ya chumvi na joto la kule, na bei yake usiiulize. Kwako chuma cha kawaida kinatosha kabisa, mradi kisikauke maji. Pesa ya stenlesi weka kwenye kioo cha usawa wa maji na tangi la juu linalojaza lenyewe, ili doa la mwanga lisikutane na chuma kikavu tena.

Kuivisha: tangi likiwa tupu kabisa na valvu zote wazi. Hili nalisisitiza kwa moyo wote, kwa sababu tangi lililofungwa likiwa na maji kidogo ndani ni bomu. Rangi iwe imekauka tangu jana. Funika vioo kwa turubai, acha robo tu. Pima kwa bastola ya kupimia joto kwenye sehemu nyeusi, kwani kwenye chuma kinachong'aa inasoma chini ya ukweli. Ikae kwenye 120 saa moja ili vimiminika viondoke. Sogeza turubai, upande hadi 250, saa mbili. Doa ni dogo kuliko tangi, kwa hiyo sogeza tangi au dishi ili kila upande upate zamu yake. Ukimaliza funika vioo, acha tangi lipoe lenyewe mpaka uweze kulishika kwa mkono. Maji ya baridi kwenye tangi la moto ni mvuke usoni.

Kesho yake jaribu ukucha. Ukucha ukishindwa kuikwangua, chukua wembe, chora mistari sita na mingine sita ya kukatiza, bandika tepu ngumu, ivute kwa nguvu. Vijiraba vikibaki kwenye chuma, umemaliza.

Lingine, kama utatengeneza tangi jipya siku za mbele: usimulike uso wa nje, tengeneza shimo. Ndani kuwe na eneo mara nne ya mdomo. Mwanga ukiingia na kukataliwa na ukuta mmoja unagonga mwingine. Hata chuma chenye oksidi kinachofyonza asilimia 85 tu, kikiwa ndani ya shimo la namna hiyo kinafanya kazi kama cha asilimia 96. Mtambo wa India One kule Abu Road, Rajasthan, una madishi 770 ya mita za mraba 60 kila moja, na vipokezi vyake ni mashimo ndani ya chuma cha kalibu kinachohifadhi joto la usiku.

Hita_Nairobi aliandika:

Hii ya shimo nimeipenda. Nyongeza ndogo kwa Fundi: dishi la kwanza la Scheffler lililofanya kazi vizuri lilijengwa kaskazini mwa Kenya, kwenye kituo cha misheni, mwaka 1986. Kwa hiyo ufundi huu ni wa ukanda wetu tangu mwanzo, uliza na wazee wa misheni huko kwenu, huenda yupo aliyewahi kuligusa.

FundiKondoa aliandika:

Nimewasoma wote. Grainda naiwasha kesho, shule iko likizo mpaka Jumatatu ya pili kwa hiyo jiko halinidai. Dada Binti, swali moja la mwisho: mdomo wa shimo ukiwa sentimita 40 ili doa liingie lote, kina kiwe kiasi gani?

BintiPangani aliandika:

Kwa mdomo wa duara wa 40 na shimo la silinda lililonyooka, kina cha sentimita 30 kinakupa eneo la ndani mara nne ya mdomo: ukuta mara tatu, na kitako mara moja. Acha sentimita mbili tatu za ziada mdomoni, kwa sababu dishi likiyumba na upepo doa linahama. Ukuta wa nje ulioshika maji uvishe sufu ya kioo na bati juu yake, la sivyo upepo wa Kondoa utakunywea kila ulichookoa. Na bomba la kujaza maji liingilie chini, mvuke utokee juu kabisa, ili pasibaki pembe kavu nyuma ya mwanga.